Mtoto Mwanaume Akisema "Tumbo", Uliza Tena

Wiki hii ukurasa wetu wa afya unaingia mahali ambapo kwa kawaida hatuingii. Tumekwisha kuongea hapa juu ya uzazi, juu ya kansa ya matiti, juu ya hedhi ya wabinti wetu, na hakuna aliyekimbia. Lakini watoto wanaume tunawazaa sisi pia. Tunawaogesha sisi. Halafu wakifika miaka tisa ao kumi mlango unafungwa, na hatujui tena kitu juu ya mwili wao mpaka siku ya ndoa.

Basi leo tuongee juu ya korodani. Hilo ni neno la kitabu. Nyumbani kila mtu anajua anasema namna gani, na kama neno la nyumbani ndilo mtoto wako anaelewa, tumia hilo. Munganga atalielewa, wala hatashangaa; amesikia makubwa zaidi.

Mimi ni mwalimu, si munganga. Lakini kuna jambo moja ambalo kila munganga wa kupasua analijua, na ambalo kila mama wa huku kwetu anapaswa kulijua sawasawa na vile anajua dalili za malaria. Kama una muda wa kusoma kipande kimoja tu kabla ya kupika, soma hiki.

Kila korodani inaning'inia ndani ya mfuko wake kwa kamba nyembamba. Damu inapita ndani ya kamba hiyo, inashuka na kupanda. Kwa watoto wengine, tangu kuzaliwa, korodani haikushikizwa vizuri ndani ya mfuko. Inaweza kucheza, inaweza kuzunguka. Siku moja inazunguka na kamba inajisokota. Fikiri nguo unapoikamua kwenye chemchemi: ukisokota mara moja, mara mbili, maji hayapiti tena. Hapa ni damu ndiyo haipiti. Maumivu yanaanza papo hapo, na korodani isiyopata damu inaanza kufa. Wanganga wanaita hiyo torsio.

Inaweza kumpata mwanaume wa umri wowote, hata mtoto aliyezaliwa jana, lakini wanaopatwa zaidi ni vijana wa miaka 12 hadi 18. Ni wale walio kwenye kelasi za mwisho za primeri na wale wa sekondari. Haihitaji kupigwa wala kuanguka. Mara nyingi inaanza usiku, kijana amelala, anaamshwa na maumivu. Mara nyingine inaanza kwenye mpira ao wakati wa kubeba mzigo. Haitokani na wasichana, haitokani na kuvunja mwiko, na hakuna jirani aliyemtupia kitu. Ninasema hivi kwa sababu najua vile mazungumzo yanakwenda usiku wa manane kukiwa mtoto analia na hakuna anayejua sababu.

Sasa hesabu. Akifika kwa munganga wa kupasua na kamba ikafunguliwa ndani ya masaa 6 tangu maumivu yaanze, karibu kila mara korodani inaokolewa. Ikifika masaa 12, ni nusu ao chini ya nusu. Ikipita siku nzima, mara nyingi kazi inayobaki ni kuiondoa. Tuelewane vizuri: masaa 6, si saa sita ya mchana. Saa inaanza kuhesabiwa wakati mtoto aliposikia maumivu, si wakati alipokuambia.

Piga hesabu hiyo kwa nyumba ya hapa kwetu. Kijana anaamka saa nane ya usiku na maumivu. Anaona haya, anangoja. Mama anasikia anajigeuza, anampa paracetamol na maji ya moto, anamwambia alale. Kunakucha saa kumi na mbili: masaa 4 yamekwisha. Mama anawasha makala, anatuma wadogo chemchemi, anatafuta franga za kwenda sentre. Saa mbili ya asubuhi, wakati kwenye sentre wanaanza kuita majina, masaa 6 yamepita, na hapo bado hajamwona munganga, na sentre haina bloku ya kupasua. Hakuna mtu aliyefanya uvivu katika hesabu hii. Kila mmoja alifanya vile tunafanya kila siku kwa tumbo na kwa homa, na ndiyo sababu ninaandika.

Kwa nini ninasema tumbo? Kwa sababu ndilo neno ambalo mtoto atalitumia. "Mama, tumbo inaniuma." Na si uongo mtupu. Korodani zinatengenezwa juu, ndani ya tumbo, mtoto akiwa bado mimba, kisha zinashuka na kubeba mishipa yao ya kusikia pamoja nazo. Kwa hiyo zikiumia, maumivu yanapanda kweli mpaka chini ya kitovu, na mtoto anatapika. Mama anaona tumbo na kutapika, anafikiri minyoo, anafikiri malaria, anafikiri maharage ya jana. Mtoto naye amepata neno la heshima la kujificha nyuma yake. Hata katika nyimbo za viungo vya mwili tunazoimbisha kelasi ya kwanza, mkono unatoka tumboni na kurukia magoti. Katikati hapo hakuna nchi.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa masomo yetu, miaka 13, aliomba ruhusa wakati wa somo la pili akaenda kutapika nyuma ya choo. Alirudi nyumbani ameinama, akasema tumbo. Alipewa dawa ya minyoo. Kesho yake alipelekwa kwenye sentre moja, akapimwa damu, akawekewa seromu ya malaria. Siku ya tatu kaka yake mkubwa alimsaidia kubadilisha suruali, ndipo alipoona: upande mmoja umevimba, mwekundu, hauguswi. Walimkimbiza hospitali. Walimpasua siku ileile, wakaondoa korodani moja iliyokuwa imekwisha kuwa nyeusi, ile nyingine wakaishona ishikilie vizuri. Kijana yuko mzima, leo anacheza mpira kuliko wenzake. Lakini siku tatu nzima alikuwa kati ya watu, na kati ya wote hakuna aliyeuliza swali moja. Mama yake aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, angesema namna gani? Tunalala chumba kimoja, na dada zake wapo."

Hapo ndipo penye shida yetu, zaidi ya barabara na zaidi ya franga. Kwa hiyo swali lenyewe ndilo dawa ya kwanza. Mtoto mwanaume akisema tumbo, hasa chini ya kitovu, na hasa kama ilianza ghafla, mtoe nje ya masikio ya wengine, umuulize kwa jina: "Na chini je? Korodani zako zinauma? Moja imevimba? Imepanda juu kuliko nyingine?" Huna lazima ya kuangalia. Ninajua kwamba kwetu mama haangalii uchi wa kijana aliyekua, na kijana mwenyewe hatakubali. Mtume baba yake, ao kaka, ao mjomba. Na kama baba hayupo, maana wababa wengi wa hapa wako kwenye machimbo ya Kamituga ao Shabunda na wengine hawatarudi tena, swali linatosha. Akijibu ndiyo, ao akinyamaza na kuangalia chini, umekwisha kupata jibu.

Dalili ni hizi: maumivu makali ya ghafla upande mmoja, kutapika ao kichefuchefu, korodani kuvimba, kupanda juu ao kulala kwa ubavu, kijana kutembea ameachanisha miguu. Kwa kawaida mwanzoni hana homa. Wakati mwingine maumivu yanakuja, yanakwisha yenyewe baada ya dakika chache, yanarudi wiki nyingine. Hayo pia yanatakiwa kuonyeshwa kwa munganga, kwa sababu kamba inayojisokota na kujifungua leo inaweza kukataa kujifungua kesho.

Na kama amepigwa mpira? Kila mvulana amewahi kupigwa hapo, analia, anainama, wenzake wanacheka, na baada ya muda mfupi anarudi uwanjani. Hiyo si kitu. Lakini maumivu yakipita saa moja bila kupungua, ao kukiwa uvimbe ao damu iliyovilia, usiseme tena "ni mpira". Munganga aangalie.

Sasa tuje kwa usiku, maana ninajua swali lenu. Tunaishi Kasha. Usiku njia ni mbaya, na wakati mwingine si giza wala matope tunayoogopa. Siwezi kumwambia mama atoke saa nane ya usiku peke yake na mtoto mgonjwa kana kwamba tunaishi mahali pengine. Ninachoweza kusema ni hiki: usilale tena. Amsha jirani, amsha mkubwa wa avenyu, piga simu kwa infirmie unayemjua, piga kwa motari anayeaminika. Kama inawezekana kwenda, nendeni zaidi ya mtu mmoja. Kama kweli haiwezekani, basi mtoto atoke nyumbani mwanga wa kwanza ukionekana, si baada ya chai. Masaa 4 ni afadhali kuliko masaa 9. Na hata kama masaa 6 yamepita, nendeni tu: si kila kamba inasokotwa mpaka mwisho, na kuna korodani zilizookolewa baada ya masaa mengi kuliko hayo. Munganga ndiye wa kusema tumechelewa, si wewe.

Nendeni mahali penye bloku ya kupasua. Kwa sisi wa Kasha, hospitali kuu ya Bagira na ile ya Ciriri ndizo za karibu. Mjini kuna hospitali ya provensi, na Panzi. Kama sentre iko karibu zaidi, pitieni pale kwa dakika chache infirmie aandike karatasi ya transferi, lakini msikubali kulazwa pale kwa seromu "tuone mpaka kesho". Mkifika, maneno ya kwanza ya kutamka si "tumbo". Sema hivi: "Korodani ya mtoto inauma, ilianza saa fulani." Sema mbele ya watu wote kama ni lazima. Sentensi hiyo moja inaweza kumvusha mbele ya foleni, kwa sababu munganga anayeisikia anajua anahesabu nini.

Kuna mambo ya kutofanya. Usimpe chakula wala chai, maana atakayepasuliwa anatakiwa awe na tumbo tupu. Usimkande kwa maji ya moto, usimpake kitu, usimvute. Usinunue amoxi kwenye farmasi ya kona ukangoja ifanye kazi. Hakuna kidonge kinachofungua kamba. Ekografi inasaidia pale ilipo, lakini kama mashini imekufa ao mwenye kuitumia anakuja saa tatu, munganga mwenye uzoefu anaweza kupasua bila kuingoja. Muulize. Kuuliza si kukosa heshima.

Juu ya franga, ninajua wamama wanaobaki nyumbani kwanza ili wakope, kwa sababu wanaogopa kuzuiliwa hospitalini juu ya deni. Woga huo una sababu. Lakini torsio haitungoji tukope. Mwenye mituelle ya afya achukue karata yake. Asiye nayo, akumbuke kwamba AVEC zetu zina sanduku la msaada, tofauti na lile la mikopo, na liliwekwa kwa ajili ya usiku kama huu. Mmoja aende na mtoto, mwingine abaki akigonga milango. Hizo ni kazi za watu wawili, na ndiyo maana tuko chama.

Kijana akibaki na korodani moja, anakuwa mwanaume kamili. Ndevu zitaota, sauti itakuwa nzito, ataoa, na kama ile iliyobaki ni nzima atazaa. Mwambie hivyo yeye mwenyewe, tena mapema, kabla wenzake hawajamwambia mambo mengine.

Nimekaa sana kwa hiyo moja makusudi. Yaliyobaki hayana haraka ya masaa, isipokuwa moja ambalo nitalionyesha.

Wenye watoto wachanga: siku ya CPS, munganga akipima uzito, mwombe aguse pia kama korodani zote mbili zimeshuka. Kwa watoto wanaume waliotimiza miezi ya mimba, karibu 3 kati ya 100 wanazaliwa moja ikiwa haijashuka. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi. Nyingi zinashuka zenyewe katika miezi ya kwanza. Baada ya miezi 6, kama bado haijashuka, hakuna sababu ya kungoja tena: haitashuka, na anatakiwa kuonwa na munganga wa kupasua, operesheni ifanyike kabla hajafika mwaka mmoja na nusu hivi. Ikiachwa juu, mbele inaweza kuleta utasa, na kansa inaipenda zaidi kuliko iliyoshuka. Lakini usihukumu mfuko wakati wa baridi ya asubuhi. Kwa baridi ya huku kwetu korodani za mtoto zinapanda zenyewe kutafuta joto. Angalia wakati yuko ndani ya maji ya vuguvugu. Kama zote mbili zinaonekana pale, lala usingizi.

Mfuko wa mtoto mchanga uliojaa maji, laini, usiouma, unaong'aa ukimulikwa na tochi, mara nyingi unakauka wenyewe kabla ya mwaka mmoja ao miwili. Mwonyeshe kwa munganga halafu uwe na subira. Ngiri, ile wengi wanaita erni, ni tofauti: uvimbe unatokea kwenye kinena ao unashuka mpaka kwenye mfuko mtoto akilia, unarudi akitulia. Hiyo haikauki, inapasuliwa, na kamba tunazowafunga watoto kiunoni hazijawahi kuirudisha hata moja. Na hapa ndipo lile la haraka: ngiri ikikataa kurudi, ikawa ngumu, mtoto analia bila kunyamaza na anatapika, hiyo ni utumbo umebanwa. Ni hospitali saa hiyohiyo, kama torsio.

Wanaosikiliza redio za Tanzania wamesikia neno "mabusha". Ni maji kwenye korodani za watu wazima, na kwenye pwani ile mengi yanaletwa na minyoo midogo inayobebwa na mbu. Serikali ya kule imekuwa ikipasua wagonjwa bila malipo katika mikoa ya pwani, na wazee waliojificha miaka mingi ndani ya kanzu pana wakajitokeza. Wanaume wanaona haya kila mahali, basi, si hapa kwetu tu.

Tuje kwa wababa na vijana wakubwa, hao ambao hawatasoma ukurasa huu kwa sababu unatoka kwa chama cha wamama. Waulizeni kama wanamkumbuka Sébastien Haller. Watamkumbuka, na kwa uchungu. Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, nusu fainali ya kombe la Afrika, Léopards wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa wameziba midomo kwa mkono na kuweka vidole kichwani kama bunduki, ili dunia ione mateso ya mashariki ya Kongo. Hapa mtaani watu walilia. Halafu dakika ya 65 Haller akafunga goli moja, Côte d'Ivoire 1, sisi 0, na siku nne baadaye akafunga tena goli la ushindi katika fainali dhidi ya Nigeria, 2 kwa 1.

Mtu huyo, mwezi wa Julai 2022, alikuwa amepatikana na kansa ya korodani. Alikuwa na miaka 28, amefika tu katika timu mpya, Borussia Dortmund ya Ujerumani. Alipasuliwa mara mbili, akapewa dawa za kansa raundi nne, nywele zikaanguka. Mwezi wa Januari 2023 alikuwa tena uwanjani. Mwaka mmoja baadaye akatuondoa kwenye kombe. Mume wako akisema kwamba kuonyesha korodani kwa munganga kunapunguza uanaume, mwulize kama Haller alionekana amepungua siku ile.

Kansa hiyo ni nadra, na kwa watu weusi ni nadra zaidi kuliko kwa wazungu. Lakini inawapata vijana, kati ya miaka 15 na 40, umri ambao hakuna anayefikiria kansa, na ni moja ya kansa zinazopona zaidi ikionekana mapema. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haiumi. Kijana anakuta kitu kigumu kama punje ya maharage, kimeshikana na korodani yenyewe, ao korodani moja imekuwa nzito na kubwa kuliko zamani, na kwa sababu haiumi anaiacha. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, ajiguse kila moja kwa dole gumba na vidole, polepole. Moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida. Kamba laini inayosikika upande wa nyuma ni ya kawaida pia. Kinachoshtua ni kigumu ambacho hakikuwepo mwezi uliopita. Hicho kionwe na munganga wiki hiyohiyo, si usiku uleule.

Kwa mume mwenye maumivu yanayokuja taratibu siku mbili tatu, pamoja na homa, mkojo unaochoma ao usaha, mara nyingi ni ambukizo, na mara nyingi ni la zinaa: kisonono, kile watu wanaita sopisi, ao klamidia. Inatibika. Lakini ninyi wawili mnatibiwa pamoja, ama mnarudishiana kila mwezi. Ninajua nyumba ambapo bwana anakunywa dawa kwa siri na bibi anaachwa aambukize tena na kulaumiwa tena. Ukiona vidonge vimefichwa kwenye koti, una haki ya kuuliza. Na ikiwa maumivu yake yalianza ghafla, rudi juu kwenye torsio. Mtu wa miaka 30 naye hajasamehewa. Matubwitubwi nayo, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu, yakimpata kijana aliyekwisha kubalehe yanaweza kushuka kwenye korodani siku chache baadaye. Apumzike, na munganga amwone.

Neno la mwisho ni juu ya wale wanaongoja mtoto. Mwanamke anapelekwa kupimwa, anakunywa miti, anaombewa, anapimwa tena, anaanza kusikia habari za bibi wa pili. Bwana hajapimwa hata mara moja. Katika jamaa zinazokosa watoto, upande wa mwanaume una sehemu karibu mara moja kwa kila mbili, peke yake ao pamoja na wa mwanamke. Korodani ambayo haikushuka utotoni, torsio ya zamani, mishipa iliyovimba kama minyoo juu ya korodani ya kushoto, ambukizo lililoachwa: vyote viko kwenye orodha. Kumpima mwanaume kunaanza kwa kipimo kimoja cha mbegu zake kwenye labo, bila sindano na bila kisu. Kianze hicho, kabla ya kuita wazee wa ukoo.

Jumamosi hii, kabla ya hesabu ya AVEC, tutaandika kwenye karatasi kubwa namba za wamotari wanaokubali kutoka usiku na za wainfirmie wanaolala hapahapa mtaani. Kila mmoja alete namba anazozijua na ajue ni za nani. Karatasi itabandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mkutano, na atakayetaka kuinakili nyumbani aje na daftari na kalamu yake.